Kiunga Kilichopata Kuwa Jiji: Habari za Kariakoo na Ilala

Leo nimekusudia kuwasimulia habari za mji wa Dar es Salaam, lakini si zile ambazo kila mtoto amekwisha kuzisoma darasani. Nataka kuwapeleka nyuma ya mji, mahali palipoitwa kiunga.

Sisi walimu tuna desturi ya kuuliza maswali. Ukiwauliza wanafunzi, "Ni nani aliyeujenga mji wa Dar es Salaam?" wa kwanza atainuka upesi ajibu, "Ni Seyyid Majid, Sultani wa Unguja." Wa pili atasema, "Sivyo, ni Wajerumani, maana ndio walioufanya mji mkuu." Na wa tatu atasema, "Ni Waingereza." Majibu hayo matatu yote yana kweli ndani yake, wala mimi sina nia ya kuyakanusha. Lakini yana upungufu mmoja, nao ni huu: yanawataja watu waliotoa amri tu. Hayawataji watu waliokata boriti, wakakanda udongo, wakasuka makuti, wakakaa katika nyumba walizozijenga na kuzaa watoto humo. Basi tuwatafute hao.

Kwanza na tufahamiane juu ya neno lenyewe. Kiunga ni mahali palipo kando ya mji, si mji wala si shamba. Mtu wa kiungani asubuhi huingia mjini kutafuta riziki, na jioni hurudi kwake. Mji humhitaji, lakini haumhesabu kuwa mwenyewe. Maneno haya yashikeni, maana ndiyo msingi wa habari yote nitakayosema.

Hapo kale, kabla ya Dar es Salaam kuwako, palikuwa na kijiji cha wavuvi na wakulima kikiitwa Mzizima. Wenyeji wake walikuwa Washomvi na Wazaramo. Katika miaka ya 1860 Seyyid Majid aliiona bandari ile, jinsi ilivyojificha na mawimbi na upepo, akaipenda. Akaanza kujenga nyumba za mawe ukingoni mwa maji, akapaita Dar es Salaam, yaani nyumba ya amani. Lakini mwaka 1870 Majid alifariki dunia, na ndugu yake Seyyid Barghash aliyemfuata hakuwa na hamu na mji ule. Kazi ikasimama, na nyumba nyingi zikaachwa zipasuke kwa mvua na kuota majani. Hapo twaona kwamba amri ya mfalme inaweza kuanzisha mji, lakini haiwezi peke yake kuudumisha. Wavuvi na wakulima wa Mzizima hawakungoja amri ya mtu. Wao waliendelea kukaa.

Mwaka 1887 Wajerumani wa ile Kampuni ya Afrika ya Mashariki walifika wakaweka kituo chao hapo, na mwaka 1891 serikali yao ikahamisha makao makuu kutoka Bagamoyo, ikayaleta Dar es Salaam. Mwaka huohuo wakatoa sheria ya majenzi. Sheria ile ilisema ni nyumba za namna gani zijengwe mahali gani. Karibu na bahari zijengwe nyumba imara za namna ya Ulaya. Nyumba za fito na udongo zikae mbali. Sheria kama hiyo, ukiisoma juu juu, yasema habari za mawe na udongo tu. Lakini nyumba ya mawe ni ya nani, na nyumba ya udongo ni ya nani? Kila aliyekuwako aliujua mgawanyo wake.

Mwaka 1905 reli ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam kwenda bara. Mwaka 1907 gari la moshi lilifika Morogoro, mwaka 1912 likafika Tabora, na mwaka 1914 likafika Kigoma. Reli ile ilikuwa kama mto unaoteremka, ikaleta watu pwani kutoka kila upande: Wanyamwezi, Wamanyema waliotoka Kongo, Wayao, Wangindo na wengineo, pamoja na Wazaramo ambao nchi ya jirani ilikuwa yao. Watu wakawa wengi kuliko nafasi. Kwa hiyo, kabla kidogo ya Vita Kuu ya kwanza, serikali ya Wajerumani ilichukua eneo la shamba kubwa lililokuwa magharibi ya mji, ikaanza kulipima viwanja kwa mistari iliyonyoka, ili Waafrika wapate kujenga huko. Wakajenga pia jumba kubwa lililokusudiwa kuwa soko. Kabla mambo hayo hayajatimia, vita ikaingia.

Mwezi wa Septemba 1916 Waingereza waliuteka mji. Jeshi lao halikuwa na barabara za kutosha huko bara, na ng'ombe na punda walikufa kwa mbung'o. Basi mizigo yote, chakula, risasi na dawa, ilichukuliwa kwa vichwa vya watu. Wapagazi hao waliandikwa kwa maelfu, na kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Kambi yao Dar es Salaam ilikuwa katika viwanja vile vipya, na jumba lile la soko likatumiwa nao. Watu wetu walilisikia jina la kikosi wakalitamka kwa ulimi wao, wakasema "Kariakoo". Hivyo ndivyo mahali pale palivyopata jina lake, na jina halikubanduka tena.

Wapagazi wengi mno hawakurudi kwao. Waliuawa na homa, tumbo la kuhara na njaa, kuliko risasi. Mjini, mwaka 1927, palisimamishwa sanamu ya askari kwa kumbukumbu yao na ya askari waliopigana. Lakini Kariakoo yenyewe ni kumbukumbu kubwa kuliko sanamu ile. Ukitembea huko, tazama majina ya mitaa. Utaona mtaa wa Narung'ombe, mtaa wa Mahiwa, mtaa wa Tandamti. Watu wengi hupita hapo wakinunua na kuuza, wala hawajui kwamba hayo ni majina ya mahali palipopiganwa vita vikali upande wa kusini mwaka 1917. Pembeni yake utaona mitaa ya Nyamwezi, Gogo, Kongo, Somali na Swahili. Hayo ni majina ya watu na nchi. Kwa hiyo mtu anayejua kusoma majina ya mitaa ya Kariakoo amekwisha kusoma sura nzima ya historia yetu bila kufungua kitabu.

Vita ilipokwisha Waingereza wakashika utawala wa Tanganyika. Mwaka 1923 jumba lile likafunguliwa kuwa soko. Katika miaka hiyo ya 1920 serikali iligawa mji katika sehemu tatu, na watu wakazipa majina yao wenyewe: Uzunguni, karibu na bahari, penye bustani na nyumba pana, Uhindini, penye maduka na nyumba za ghorofa zilizobanana, na Uswahilini, yaani Kariakoo na majirani zake. Kati ya Uhindini na Uswahilini paliachwa uwanja mtupu, mrefu, usiojengwa, uitwao Mnazi Mmoja. Wakubwa walisema kwamba uwanja ule ni wa afya, ili maradhi yasivuke kutoka upande mmoja kwenda upande wa pili. Lakini kila asubuhi watu walivuka. Mpishi alivuka, dobi alivuka, karani alivuka, mchukuzi wa bandarini alivuka, na yaya aliyelea watoto wa wengine alivuka. Mji haukuweza kula kifungua kinywa pasipo watu wa upande wa pili wa Mnazi Mmoja.

Sasa nataka mwione nyumba ya Kariakoo, kwa kuwa nyumba hiyo ndiyo iliyoujenga mji. Mtu alipata kiwanja kwa serikali, akawa analipa kodi ya kiwanja kila mwaka. Ardhi haikuwa yake, na haki yake ya kukaa ilikuwa ya muda mfupi. Akakata boriti na fito, akajenga kuta za udongo, akaezeka makuti. Mbele aliweka baraza ya kukaa na kuongea na wapitao. Mlango ulikuwa mmoja wa katikati, ukifungukia ukumbi ulionyoka mpaka nyuma. Vyumba vilikuwa sita, vitatu upande wa kuume na vitatu upande wa kushoto. Nyuma palikuwa na ua, na uani kulikuwa na jiko, choo na mahali pa kuoga.

Mwenye nyumba hakuvitumia vyumba vyote. Yeye na jamaa zake walikaa katika kimoja au viwili, na vilivyosalia akavipangisha. Miongoni mwa wenye nyumba walikuwamo wanawake si haba, waliouza vitumbua, maandazi au pombe, wakaweka akiba senti kwa senti mpaka wakapata nyumba. Haba na haba hujaza kibaba. Kwa kodi ya vyumba mwenye nyumba alibadili makuti akaweka madebe ya mafuta ya taa yaliyokunjuliwa, na baadaye akayatoa madebe akaweka mabati. Kisha akapiga lipu kuta zake, akatia sakafu ya saruji. Nyumba iliyohesabiwa kuwa ya muda mfupi ikawa ya kudumu, kwa kazi ya mikono ya mtu mmoja na kwa kodi za wapangaji wake watano.

Fikirini jambo hili, wasikilizaji. Kijana atokaye Songea au Kigoma, asiyejua mtu mjini, alipataje mahali pa kulala? Serikali haikuwa imemjengea nyumba. Tajiri wake hakumjengea. Aliyempokea ni mwenye nyumba wa Kariakoo, aliyempa chumba kwa kodi ya mwezi, akamwonyesha kisima, akamfundisha kusema na watu, na alipougua akamwuguza. Katika nyumba moja aliweza kukaa Mzaramo, Mnyamwezi, Myao na Mmanyema, wakachota maji pamoja na kupika katika ua mmoja. Lugha yao ikawa Kiswahili, kwa kuwa hapakuwa na nyingine ya kuwakutanisha. Mambo ambayo shule ilifundisha kwa ubao na chaki, ua ulifundisha kwa sufuria na kuni.

Hata hivyo, msidhani kwamba nawasifia umaskini. Maji ya mfereji, taa na mitaro vilitangulia Uzunguni, na Uswahilini vilikawia sana. Mvua za masika ziligeuza njia kuwa matope. Vyumba vilijaa kupita kiasi, na kifua kikuu kilipata mahali pa kuenea. Serikali ilizihesabu nyumba za Kariakoo kuwa za muda, na kwa kuwa ilizihesabu hivyo haikutoa fedha nyingi kwa ajili yake. Ndiyo hasara ya kukaa kiungani: una wajibu wa mtu wa mjini, lakini huna haki zake.

Kwa kuwa wakubwa hawakuwatazama sana, watu wa kiunga walijifunza kutazamana. Walianzisha vyama vya kuzikana na kusaidiana. Walikuwa na vyama vya ngoma ya beni, Marini na Arinoti, vilivyoshindana kwa mavazi na tarumbeta. Mwaka 1929 kikaanzishwa chama cha African Association. Rais wake wa kwanza alikuwa mwalimu, Cecil Matola, na katibu wake alikuwa Kleist Sykes. Wanachama walijenga nyumba yao kwa michango na kwa nguvu za mikono yao, katika njia iliyoitwa New Street, ukingoni mwa Kariakoo, ikielekea ule uwanja mtupu wa Mnazi Mmoja. Shikeni habari za nyumba hiyo, maana tutairudia. Mwaka 1937 Erica Fiah, mtu mwenye asili ya Uganda aliyekuwa na duka mjini humo, alianza kuchapa gazeti lake la Kiswahili liitwalo Kwetu. Na mipira nayo ikapata wenyewe: mwaka 1935 ikazaliwa timu ya Yanga, na mwaka uliofuata timu ambayo leo twaijua kwa jina la Simba. Watu wa vijijini ambao hawajaiona Kariakoo kwa macho hugombana kila juma kwa ajili ya timu hizo mbili, wala hawakumbuki kwamba zote mbili ni watoto wa kiunga.

Kariakoo ilipojaa, watu walivuka barabara ya Msimbazi kwenda mbele. Hapo, kuanzia mwisho wa miaka ya 1920, palipimwa viwanja vipya, na mahali pale paliitwa Ilala. Ilala ilikuwa kiunga cha kiunga. Mtu wa Kariakoo alijiona ni mtu wa mjini akimtazama mtu wa Ilala, kama vile mtu wa Uhindini alivyomtazama yeye. Hivyo ndivyo wanadamu tulivyo. Hatuchelewi kumfanyia mwenzetu yale tuliyochukia kufanyiwa.

Vita Kuu ya pili ilipokuja, mambo yakawa magumu. Mchele na nguo vilipanda bei, na mishahara ikabaki nyuma. Wafanya kazi wa bandarini walikwisha kugoma mwaka 1939. Wakagoma tena mwaka 1943. Na mwaka 1947 mgomo ulioanza bandarini ulipanda reli ukafika miji ya bara. Waliogoma walikuwa watu wa Kariakoo na Ilala. Siku zile ndipo ilipoonekana wazi kwamba mikono iliyokuwa ikivuka Mnazi Mmoja kila asubuhi ikikataa kuvuka, meli hukaa na shehena yake.

Serikali ilifanya mambo mawili yasiyopatana. Kwa mkono mmoja ilitunga sheria mwaka 1944 ya kuwaondoa mjini watu wasiotakiwa, yaani wasio na kazi, warudishwe kwao mashamba. Kwa mkono wa pili ilianza kujenga nyumba za Waafrika, Ilala kwanza, na katika miaka ya 1950 Magomeni na Temeke. Sheria ile ilikuwa chungu. Mtu aliyekaa mjini miaka ishirini, aliyejenga nyumba na kuzika wazazi wake humo, aliweza kuulizwa na askari, "Wewe kwenu wapi?" Naye hakujua ajibu nini, maana kwao ni hapohapo aliposimama.

Lakini hesabu za watu hazikungoja sheria. Katika hesabu ya mwaka 1948 Dar es Salaam ilikuwa na watu kama 69,000. Mwaka 1949 mji ukapewa daraja ya manispaa, ukawa na meya. Mwaka 1957 watu wakawa karibu 129,000. Wengi wao walikuwa upande wa nyuma wa Mnazi Mmoja. Kiunga kilikuwa kimeushinda mji kwa wingi, ingawa mji ulikuwa bado umeshika mihuri na funguo.

Sasa turudi katika ile nyumba ya New Street. Tarehe 7 Julai 1954 wajumbe 17 walikutana katika nyumba hiyo, iliyojengwa kwa michango ya watu wa kiunga, wakaanzisha chama cha TANU, na Julius Nyerere akawa rais wake. Naye alikuwa mwalimu. Kwa hiyo chama kilichoiletea Tanganyika uhuru hakikuzaliwa katika nyumba kubwa ya mawe ukingoni mwa bahari, kilizaliwa Uswahilini. Mwaka 1960 Sheikh Kaluta Amri Abedi, mshairi mashuhuri, alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikapata uhuru, na kesho yake, tarehe 10 Desemba 1961, Dar es Salaam ikapewa daraja ya jiji. Njia ya New Street ikaitwa Lumumba, kwa kumbukumbu ya Patrice Lumumba wa Kongo aliyeuawa mwezi wa Januari mwaka huohuo. Na njia kubwa ya Kichwele, itokayo mjini kwenda Ilala, ikaitwa Uhuru.

Je, habari yetu imekwisha hapo? La, haijaisha. Kuitwa jiji ni jambo moja, na kuwa jiji ni jambo jingine. Mwaka 1967 watu walipita 270,000. Kiunga kilizaa viunga vingine, navyo vikazaa vingine, mpaka vijiji vya wakulima vilivyokuwa mwendo wa siku nzima kwa miguu vikawa vituo vya motakaa. Na si wote waliopokewa vema na maendeleo hayo. Kisutu, kitongoji cha kale cha Waafrika kilichokuwa karibu na katikati ya mji, kilibomolewa mwaka 1974, na wakazi wake wakatawanyika. Mwaka 1975 likafunguliwa soko jipya la Kariakoo mahali pa lile la zamani, kwa ramani ya Beda Amuli, mjenzi Mtanzania, lenye mapaa yanayofanana na miavuli iliyogeuzwa. Soko hilo likapatwa na moto mkubwa tarehe 10 Julai 2021.

Nyumba za vyumba sita nazo zimeondoka moja moja. Thamani ya viwanja vya Kariakoo ilipanda mno, na wajukuu wa wale wenye nyumba wakauza, au wakapatana na matajiri, na ghorofa zikasimama mahali pa baraza. Wafanya biashara huja Kariakoo kutoka Kongo, Zambia, Malawi na kwingineko kununua bidhaa. Lakini haraka ya kujenga ina hatari zake. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo moja la ghorofa liliporomoka Kariakoo, na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha yao. Baba zetu walikanda udongo kwa miguu, lakini walijua uzito wa paa walilolibeba.

Na sasa sikilizeni mwisho wa habari ya Ilala, kile kiunga cha kiunga. Jiji lilipopanuka liligawanywa, na tangu mwaka 2000 Ilala ikawa manispaa mojawapo pamoja na Kinondoni na Temeke. Ilipewa eneo kubwa: si Ilala ya kale tu, bali Kariakoo pia, na Uhindini, na hata ule Uzunguni wa zamani penye Ikulu. Tarehe 24 Februari 2021 Rais John Magufuli alilivunja lile Baraza la Jiji, akaipandisha daraja Manispaa ya Ilala, iwe ndiyo Jiji la Dar es Salaam. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2022 mkoa wote wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 5,383,728. Hivyo mahali palipopimwa viwanja kwa ajili ya watu waliokosa nafasi hata Kariakoo, jina lake limepanda mpaka limeifunika ile mitaa ambayo zamani mtu wa Ilala aliingia kwa mlango wa nyuma.

Wasikilizaji, wazee wetu walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Dar es Salaam mlango wake ni bandari, nao ni mlango mzuri sana. Waandishi wengi wamesimama mlangoni wakausifu, wakaondoka. Lakini watu walioufanya mji uwe mji walikuwa ndani, nyuma ya Mnazi Mmoja, katika vyumba sita vyenye ukumbi katikati. Walijenga juu ya ardhi isiyokuwa yao, kwa haki ya muda mfupi, wakiitwa wageni na kutishwa kurudishwa kwao. Na wao wakakaa. Basi mwanafunzi akiulizwa tena, "Ni nani aliyeujenga mji wa Dar es Salaam?" na ayataje majina ya wakubwa, ni haki yao. Lakini asilimalize jibu lake mpaka amemtaja mwenye nyumba wa Kariakoo na wapangaji wake.

Nanyi mnaonisikiliza vijijini, msidhani habari hii haiwahusu. Huenda kijiji chenu kiko karibu na njia kuu au kituo cha reli. Huenda mmekwisha kuona watu wageni wakija kuomba kiwanja. Basi hicho chaweza kuwa kiunga kesho, na jiji keshokutwa. Nawashauri mambo matatu. La kwanza, jueni mipaka ya ardhi yenu, mwiandike mapema na kupata hati kwa njia ya sheria, msije mkawa kama wale waliojenga miaka mingi juu ya haki isiyodumu. La pili, acheni nafasi za njia, visima, shule na makaburi kabla nyumba hazijabanana, maana baadaye huwezi kuipata nafasi ila kwa kumbomolea mtu nyumba yake. La tatu, mpokeeni mgeni kama wenye nyumba wa Kariakoo walivyowapokea baba zetu, kwa kuwa mgeni huyo ndiye atakayeujenga mji pamoja nanyi.

Na wanafunzi nawapa kazi moja ya nyumbani. Jioni ya leo mwendeni mzee mmoja, mwanamume au mwanamke, mkae naye barazani. Mwulizeni, "Mtaa huu ulipataje jina lake? Nani alijenga nyumba ya kwanza hapa? Maji mliyachota wapi?" Andikeni majibu yake katika daftari, pamoja na tarehe ya siku hiyo. Majina ya mitaa ya Kariakoo yalituhifadhia habari za vita na za watu waliosahauliwa. Lakini majina peke yake hayasemi mpaka awepo wa kuyauliza, na wazee hawatungoji.

Kwa leo nakomea hapo. Kwa herini.